Kitenge cha Miavuli

Kitenge kipya kikipigwa pasi ya makala hutoa harufu ambayo sijawahi kuipatia jina. Kuna wanga unaoungua kidogo, kuna rangi, kuna moshi, na chini yake kuna kitu kinachokaribia mafuta ya taa. Watu wengi huipenda, kwa sababu kwao ni harufu ya harusi. Mimi hunirudisha nisikotaka kurudi. Juzi ilinikuta mtaani Kadutu, mlangoni kwa fundi aliyekuwa akinyoosha sare za watu wa harusi, nikasimama pale muda mrefu hata akaniuliza kama nataka kushonewa. Nilimjibu hapana, nikaenda zangu. Yeye alikuwa na kazi. Ninyi mmeketi na kitabu, basi nitawaeleza ninyi.

Mama yangu alikuwa fundi wa nguo. Tuliishi Bukavu, avenue Muvumu, na msidanganywe na hilo jina la avenue: ilikuwa njia ya ngazi za udongo mwekundu, zilizoshikiliwa na mifuko ya mchanga, ikiteremka kutoka barabara kubwa mpaka ziwani. Nyumba za mbao zilisimama kushoto na kulia, kila moja ikichungulia bati la nyingine. Mpira ukitutoka tuliufuata hadi majini. Mvua ikinyesha, kila mzazi alitoka na jembe kuyaelekeza maji yapite kwa jirani, na jirani naye alikuwa tayari anayaelekeza kwa mwenzake wa chini. Hata hivyo tulipendana. Papa, yaani baba yangu, alikinunua kiwanja chetu kwa karatasi ya komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kabla sijazaliwa. Alikuwa mwalimu kisiwani Idjwi, akirudi kwa boti kila mwisho wa mwezi na mananasi mawili matatu, hivyo siku nyingine zote nyumba ilikuwa ni mama, mimi, na cherehani ya kukanyaga iliyokaa mlangoni penye mwanga.

Nilikuwa na miaka kumi wakati vijana watatu walipoteremka ngazi zetu na makopo ya rangi. Walichora msalaba mwekundu kwenye kila ukuta, na namba pembeni yake. Sisi watoto tulifuata nyuma tukishangilia. Nakumbuka nilinuna kwa sababu msalaba wa jirani yetu wa chini, Papa Zihalirwa, ulikuwa mkubwa kuliko wetu. Baada ya siku chache likasimamishwa bango kubwa juu barabarani, na juu yake picha: hoteli ya vioo, majumba ya ghorofa, gati la boti, majani yaliyokatwa vizuri, na watu weupe kwa weusi wakitembea bila haraka pale pale tulipoanika nguo zetu. Niliitafuta nyumba yetu katika picha ile kwa bidii zote, nikamuuliza mama tuko upande gani. Aliitazama kwa muda, akasema tuko nyuma ya ule mti. Nilirudi nyumbani nimetulia kabisa.

Watu wazima hawakutulia. Kampuni iliyosimamisha bango ilisema karatasi za komini si kitu, kwamba kilima kizima kina hati yake moja na hati hiyo ni yao. Atakayekubali angepata mabati na nafasi ya kujenga huko Nyantende, nje ya mji, kwenye mashamba. Kwa mtu anayeuza sambaza, vile visamaki vyetu vya ziwani, kumpeleka Nyantende ni kumwambia aanze maisha mengine. Kwa mama ilikuwa ni kuwaacha wateja wote aliowakusanya tangu alipoolewa.

Jambo lile lilishikwa na shirika. Kwetu shirika ni majirani Wakatoliki wanaokutana kila wiki kusali nyumbani kwa mmoja wao, na hapo hapo, baada ya amina, hupangwa kila kitu, kuanzia michango ya msiba mpaka nani amfuate daktari. Kiongozi alikuwa Papa Deo, mtu mfupi mwenye sauti ya watu wawili. Akamleta avoka, yaani wakili, kijana aliyeteremka ngazi zetu na viatu vya kung'aa na kufika chini akiwa amevaa udongo. Avoka alisema kesi ipo na inaweza kusimama, lakini mahakama haisikilizi vilio. Tulihitaji kumlipa yeye kidogo, na tulihitaji mpima ardhi aliyeapishwa aje apime kila kiwanja na kuandika ripoti ya kuonyesha kwamba komini ilitugawia ardhi ile kihalali. Bila ripoti, alisema, msinipeleke kule. Aliyarudia maneno hayo mara mbili, na mimi mtoto niliyasikia vizuri.

Basi tukachanga. Nimeona michango mingi tangu wakati ule lakini hakuna iliyokuwa na furaha kama ile. Jumapili tatu mfululizo, baada ya misa, akina mama walikaanga sambaza na kuuza kwa sahani, wanaume wakauza kasiksi, pombe ya ndizi, na mtu mmoja aliuza mbuzi aliyeletwa kutoka Mumosho kwa ajili ya mahari. Jumapili ya mwisho beseni liliwekwa katikati ya uwanja, ngoma ikapigwa, na kila familia ikacheza mpaka kwenye beseni na kutia chake. Hiyo ndiyo desturi: huweki pesa na kuondoka tu, unacheza kwanza, uonekane, ucheke, ndipo utie. Papa Deo alisimama pembeni akitangaza kwamba mkono mtupu haulambwi, na mtu akichelewa kuinuka alimtaja kwa jina la mtoto wake. Mama alicheza nami mgongoni, ingawa miguu yangu ilikuwa karibu kugusa chini. Nililiona beseni limejaa, nikaamini ile hoteli imekwisha kushindwa.

Avoka alilipwa chake. Kilichobaki kikawekwa kwa ajili ya mpima ardhi. Wiki iliyofuata shirika lilikuwa kwetu, na hapo ndipo Koko Mapendo alipoomba neno. Koko kwetu ni bibi, na huyu alikuwa bibi wa avenue nzima, mjane aliyefika pale kukiwa bado na shamba la migomba. Aliinuka taratibu akishikilia ukuta.

"Siku ya tribunal," alisema, "tutaenda kila mutu na kilamba yake, sawa batu ba soko? Hata ku harusi tunavaa moja. Hata ku kilio tunavaa moja. Juje ataonaje kama tuko batu bamoja?"

Lazima muelewe: kilamba ni nguo, tribunal ni mahakama, juje ni hakimu, na Koko alikuwa akiomba sare. Mtu wa kwetu akisikia neno sare, akili huondoka na moyo hubaki peke yake. Tunashona sare za ndoa, za misa ya shukrani, za siku ya wanawake, na za msiba wa mtu ambaye hatukumjua vizuri. Kukaa uchi kungekuwa aibu ndogo kuliko kufika mbele ya watu wakubwa kila mtu na rangi yake. Nyumba nzima ilipata uhai. Mmoja akataja duka, mwingine akataja kola ya shati, na Papa Zihalirwa, ambaye kwa kawaida hakusema kitu katika shirika, akasema wanaume wapewe mfuko wa kifuani.

Mama peke yake alikataa. Alisimama katikati ya furaha ile, sindano tatu zimechomwa kifuani kwenye blauzi kama kawaida yake.

"Juje hatasoma bilamba," alisema. "Atasoma makaratasi. Ile franga iko ya mupimaji."

Walicheka. Fundi anakataa kazi, walisema, dunia imegeuka. Papa Deo akatuliza: mpima ardhi atalipwa kwa mchango wa pili, maana watu wakishaona sare watachanga mara mbili. Ikapigwa kura kwa kunyoosha mikono na mama akabaki na mkono wake mmoja. Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema. Siku ile liliharibika, na wengi wakiwa wote wamehudhuria. Nami nitawaambia ukweli, nilimwonea mama aibu. Nilitaka sare kuliko nilivyotaka nyumba.

Kitenge kilichochaguliwa kilikuwa cha kijani, chenye miavuli ya manjano iliyofunguka, mikubwa kama sahani. Sijapata kuona tena kitu kizuri hivyo. Mama alikata na kushona kwa majuma matatu mfululizo, mashati, blauzi za libaya, vikwembe vya kichwani, na hakutaka malipo ya mkono wake, alipokea pesa za uzi tu. Kazi yangu ilikuwa kupiga pasi. Nilipuliza makala, nikatia moto ndani ya pasi, nikanyoosha mwavuli baada ya mwavuli mpaka harufu ile ikaingia kwenye nywele zangu. Nilimwomba anishonee hata sketi ndogo. Alisema hapana, watoto hawakuhesabiwa, na kitenge cha avenue si chetu. Niliomba tena kesho yake, na kesho yake, mpaka akanitishia kwa futi ya mbao.

Alipomaliza kulibaki kitambaa kizima, kama hatua tatu hivi. Alikikunja vizuri, akasema kitarudishwa kwa Papa Deo ili kiuzwe. Siku hiyo alitoka kununua vifungo. Nilichukua mkasi wake, ule mkubwa niliokatazwa kuugusa, nikakata pale mwishoni kipande cha kunitosha, nikakunja kilichobaki upya. Nilijishonea kwa mkono, nyuma ya choo, sketi ya mpira kiunoni. Mishono ilikuwa mikubwa na mmoja wa miavuli ulisimama kichwa chini. Kesho yake mama alikifunua kitambaa. Alikipima, akakipima tena. Akaniuliza kama kuna mtu aliingia nyumbani. Nikasema sijui. Akakipeleka kilichobaki kwa Papa Deo, na nadhani hakusema neno.

Siku ya mahakama watu wa Muvumu walipanda ngazi zao wote wakiwa kijani na manjano, na kwa kweli walipendeza. Hata madereva wa pikipiki walisimama. Walipokwisha kufika juu nilivua sketi ya shule, na ya chini yake ilikuwa ile ya miavuli. Niliwafuata mbio. Koko Mapendo aliponiona alicheka akasema hata mutoto amekuja kusimama na sisi, na wengine wakacheka pia. Mama alikuwa mbele. Aligeuka, akaniona, akaendelea kutembea.

Mvua ilitukuta nusu ya njia. Kitenge kile hakikuwa cha kweli. Mwenye duka alikuwa ametuuzia bandia kwa bei ya kweli, na rangi ikaanza kutoka. Tuliingia uani mwa mahakama miguu yetu imechuruzika kijani mpaka kwenye vidole, na askari wa mlangoni akageukia ukuta ili tusimwone akicheka. Ndani, avoka wa kampuni alifungua faili nene lenye mihuri. Hakimu alimwuliza avoka wetu ripoti ya mpima ardhi iko wapi. Haikuwepo. Alituongezea mwezi mmoja. Juu ya sare hakusema neno, zuri wala baya, na sidhani kama aliinua macho.

Ukaitishwa mchango wa pili. Ulifanyika kwa Papa Deo, kwa sababu ya mvua, beseni likawekwa katikati ya chumba. Ngoma ilipigwa lakini hakuna aliyeinuka. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo umeegemea miguu ya mama. Ndipo Papa Zihalirwa alipouliza, bila hasira, huku akitazama beseni.

"Mbele ya kutia tena, batuelezee. Ile jupe ya mutoto wa fundi ilitoka wapi?"

Alimaanisha sketi yangu. Ngoma ilinyamaza. Nilisikia mvua juu ya bati na pumzi ya mama juu ya kichwa changu. Ningeweza kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi na niliijua. Nilifunga macho nikasubiri aseme yeye, mtoto wangu aliiba, na nikajiandaa kwa fimbo.

"Miye njo nilimupatia," mama alisema. "Kilamba ilibakia, nikamushonea mutoto."

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali. Mwanamke mmoja alisema polepole kwamba sasa anaelewa kwa nini mashati mengine yalibana. Mwingine akakumbuka kwamba ni mama aliyepewa pesa za uzi. Hawakumkumbuka akiwa amesimama na sindano zake kifuani akiwakataza. Hilo lilikuwa limefutika kabisa vichwani mwao. Koko Mapendo peke yake ndiye aliyecheza mpaka kwenye beseni, akikokota mguu, bila ngoma. Wengine walichukua miavuli na makoti yao.

Siku mbili baadaye nilirudi kutoka shule nikakuta mlangoni patupu. Alama nne za miguu ya cherehani zilikuwa bado sakafuni. Mama alikuwa ameiuza na kupeleka pesa zote kwa Papa Deo, mbele ya mashahidi wawili, ili mtu asiseme amepunguza. Hazikutosha kumleta mpima ardhi. Mwezi ulipokwisha hakimu aliuliza tena swali lile lile, kisha akasoma hukumu, na watu wa Muvumu wakaanza kwenda mmoja mmoja kuandikisha majina yao kwa ajili ya mabati, kila mtu akijificha asionwe na mwenzake.

Mashine za kubomoa zilikuja asubuhi, baada ya watoto kwenda shule; nadhani walituhurumia. Papa alikuwa amefika kutoka Idjwi na kung'oa mlango na madirisha. Vilitusaidia huko Nyantende, ambako mama, mwenye mikono ya kushona, alianza kulima maharagwe kwenye mashamba ya watu. Wengi wa Muvumu walihamia huko huko. Kanisani walikaa safu za mbele, na nyuma ya safu zao ndipo mama alipokaa. Walimsalimia. Lakini akipita, kitu fulani kilibadilika nyusoni mwao, na mtoto wa miaka kumi anakiona kitu hicho kuliko mtu yeyote. Kukichangwa msiba, daftari lilipitishwa mbele yake kwa mtu mwingine. Kwa miaka yote hiyo nilikula chakula chake na sikufungua mdomo.

Nilifungua nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, nimerudi likizo, tunapukuchua maharagwe uani. Nilianza kueleza, nikaanza kulia, nikaeleza tena. Mama aliendelea na maharagwe yake. Alisema alijua tangu alipokifunua kitambaa, kwa sababu hakuna mtu mwingine katika Bukavu nzima anayekata kitenge vibaya vile. Nikamwuliza kwa nini basi alikubali kuitwa mwizi.

"Mutu mukubwa bakimwita mwizi, atakufa nayo," alisema. "Mutoto atakomaa nayo."

Kuna watakaosema mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba alinidekeza. Hawakumwona mama na ile futi. Nimefikiri sana juu ya chumba kile tangu hapo, na sasa mimi pia nina mtoto. Ile ripoti huenda isingetuokoa, faili la kampuni lilikuwa nene mno. Lakini najua watu wale walikuwa wamekwisha kushindwa na walihitaji mtu wa kumlaumu, na kampuni ilikuwa mbali, na hakimu alikuwa juu. Mimi nilikuwa karibu, pale sakafuni. Mama aliona lawama inakuja kunitafuta, akainuka akaipokea yeye. Na mimi niliyemwonea aibu alipokuwa akisema kweli, nilimshukuru alipodanganya. Hilo linaniuma kuliko sketi.

Alinikataza kwenda kuwaeleza. Alisema wazee wa Muvumu wamechoka, na kwamba yeye amezoea. Nilimtii kwa muda mrefu. Lakini Koko Mapendo amekufa, na Papa Deo amekufa, na wanaokumbuka wanapungua kila mwaka wakiondoka na uongo wangu. Mama bado anakaa safu ile ile ya nyuma. Basi kama kati yenu mnaosoma yupo wa Muvumu, au mtoto wa mtu wa Muvumu, peleka habari hii nyumbani: jina langu ni Nsimire, binti wa fundi. Mama yangu hakuchukua hata uzi. Kitenge kile nilikiiba mimi.